Anayecheza Hachezwi

Jioni hiyo nilitoka kazini Upper Hill nikateremka hadi mjini kutafuta vitu viwili: mkate na gemu. Mkate nilisahau.

Nianze na gemu, maana najua mtanicheka. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na mitatu. Nashughulikia madai katika kampuni ya bima, nina mke na mtoto, kanisani nakaa safu ya mbele. Na napenda magemu ya kompyuta. Si haya ya siku hizi. Ya siku hizi ni kubonyeza-bonyeza hadi kidole kife ganzi, na ukipepesa macho umeshauawa na mtoto wa darasa la nne. Mimi nataka yale ya zamani. Unaunda kikosi chako mtu mmoja mmoja: huyu mpiganaji, huyu mganga, huyu wa kuvizia. Unawapa majina. Mnaingia shimoni. Adui akitokea, kila mtu anangoja zamu yake. Unapiga, unasubiri, unapigwa. Unaweza hata kwenda jikoni kupika chai, urudi, umkute adui bado amesimama palepale na rungu juu, anakungoja.

Hiyo subira ndiyo niliyoipenda. Leo ndiyo inayoninyima usingizi.

Nilikuwa nimelitafuta gemu la aina hiyo miaka mitatu. Mtandaoni kuna mengi yanayojisifu kuwa ya kizamani, lakini ukiyafungua unakuta ni mapambo matupu. Obuya, tunayekaa naye meza moja ofisini, alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika.

"Gichuru, kuna madam mmoja tao," aliniambia siku hiyo saa ya chai. "Nyuma ya River Road, third floor. Anauza software za kitambo. Ako na hiyo kitu yako."

"Na hukuniambia miaka hii yote?"

Obuya alichezea kikombe chake. "Nilikuwa naenda huko kitambo. Siku hizi siendi."

"Kwa nini?"

"Siendi tu."

Ningemuuliza zaidi. Lakini nilikuwa nimeshafurahi.

Jengo lenyewe lilikuwa la vijiduka vidogo vilivyobanana. Ghorofa ya kwanza mitumba, ya pili simu, ya tatu giza. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili, mvua inaanza, na wenye maduka walikuwa wakishusha milango ya chuma. Duka moja tu ndilo lililokuwa na taa. Ndani palinuka waya ulioungua, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine... kama buchari asubuhi, kabla hawajamwaga maji.

Mwanamke wa makamo aliketi kati ya kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Kwenye kaunta palikuwa na kibao: JACKLYNE COMPUTERS.

"Mambo, madam. Natafuta game ya kitambo. Ile ya zamu."

"Ya kikosi?"

"Eeh! Hiyo hiyo."

Alinitazama muda mrefu. "Uko na watoto?"

"Mmoja."

"Basi achana nayo. Nikupee ya mpira."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono wa kushoto hadi chini ya kaunta, na hapo ndipo nikaona kwamba mkono huo ulikuwa na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Vile vingine vilikuwa vimekatwa sawasawa, kwa mstari mmoja. Akatoa CD ndani ya bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha yalikuwa majina manane au tisa, kila moja na mwandiko wake, na yote yamepigwa mstari.

Akaniinamia. Sauti yake ikawa mnong'ono.

"Usiandike jina ya mtu anapumua. Umeskia? Andika wenye wamelala. Marehemu peke yake."

"Sawa."

"Niambie umeskia."

"Nimeskia, madam."

Nikatoa pochi. Akaisukuma kwa vile vidole viwili. "Sitaki kitu. Ichukue tu itoke kwangu." Kisha akaandika nambari yake ya simu nyuma ya bahasha. "Ikikataa kuzimika, nipigie. Usiizime kwa nguvu."

Nilishuka ngazi nikijiambia wafanyabiashara wa Nairobi wana mbinu. Hata vitisho siku hizi wanakupa bure.

* * *

Nyumba yetu ni ya zile za zamani za baraza la jiji, hapo Woodley. Nilipofika, Lornah, mke wangu, alikuwa ameshaenda mazoezi ya kwaya. Binti yetu Debra, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa mezani sebuleni na vitabu vyake vya shule.

"Mami, umekula?" Hivyo ndivyo nimwitavyo tangu azaliwe.

"Nimekula, Baba. Mkate iko wapi?"

"Nimesahau."

"Si mum alikutext mara mbili!"

Nikambusu utosini. Nikaketi kwenye kochi, mgongo kwake, nikafungua ile laptop yangu nzee ambayo bado ina mahali pa CD. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Saa moja na nusu. Nilikuwa na furaha ya mtoto mdogo, na sioni aibu kuisema.

Gemu likafunguka bila muziki. Kioo cheusi, maandishi meupe.

KIKOSI NI CHA WATATU. ANDIKA MAJINA.

Kiswahili. Nimecheza magemu haya tangu sekondari na sijawahi kuona hata moja la Kiswahili. Hapo ningepaswa kusimama. Badala yake niliona fahari.

Nikafuata agizo la yule mama, si mimi mjinga. Mbele nikamweka mpiganaji, nikampa jina la baba yangu aliyefariki miaka kumi iliyopita: Mbuthia. Mganga nikampa jina la mama, tuliyemzika kabla ya hapo: Nyaguthii. Wa tatu, wa kuvizia, nikampa jina la mbwa tuliyekuwa naye nikiwa mdogo. Simba. Nikacheka peke yangu. Wafu watatu, hakuna anayepumua.

Tukaingia shimoni.

Jamani, lilikuwa tamu! Kila hatua ilikuwa ya kufikiria. Panya wakubwa watatu wakatokea, tukawamaliza. Mbuthia alipiga kwa shoka, Simba akararua, Nyaguthii akatutibu. Niliona kama nimekaa tena na wazazi wangu. Machozi yalinilengalenga, nikayapangusa Mami asione.

Kisha mlango mkubwa ukafunguka, na kitu kikasimama mbele yetu. Hakikuwa na umbo. Weusi tu uliokuwa mweusi zaidi ya kioo, na macho mawili yaliyokaa chini sana, karibu na sakafu.

ZAMU YAKE.

MBUTHIA AMEPIGWA. MBUTHIA AMEKATWA MKONO.

Nilishtuka. Picha ndogo ya mpiganaji wangu ilikuwa imebaki na mkono mmoja, na damu ilikuwa inachuruzika hadi ukingo wa kioo. Nikanusa mbao mbichi. Harufu kali ya vumbi la mbao, sebuleni kwangu, mvua ikinyesha.

Simu ikalia. Alikuwa dada yangu Cate.

"Amekatwa!" alikuwa anapiga mayowe. "Gichuru, amekatwa mkono! Wooi, mashini imekula mkono yake yote!"

"Nani? Cate, nani?"

"Jeremy! Hapo workshop Dagoretti Corner! Walikuwa wanamaliza kitanda ya customer... damu imejaa kila mahali... kuja hospitali, kuja!"

Jeremy ni mwanawe wa pili, fundi seremala wa miaka ishirini. Nilimwambia nakuja. Na nilikuwa na nia ya kwenda, Mungu anajua. Lakini sasa sikilizeni nilivyofanya, maana sitaki kujifanya mtu bora. Nilikata simu nikatazama kioo, nikaona zamu ilikuwa yangu. Nikasema nimalize pigano hili kwanza, nihifadhi, kisha niondoke. Dakika mbili tu.

Nikamwamuru Simba ashambulie. Akararua. Yale macho yakapepesa.

ZAMU YAKE.

SIMBA AMEPIGWA MBAVUNI.

Nje, mbwa wa jirani akalia. Si kubweka. Kulia. Halafu wa nyumba ya tatu. Halafu ng'ambo ya barabara. Woodley nzima, kila ploti ina Simba wake, na wote walilia kwa pamoja. Mmoja alijigonga kwenye geti letu mara tatu, akanyamaza.

Bado vidole vyangu vilibonyeza. Nikampa Mbuthia zamu, apige kwa mkono uliobaki. Alipiga vizuri.

ZAMU YAKE.

NYAGUTHII AMEPIGWA SHINGONI.

Nyuma yangu, kiti kilianguka.

Niligeuka. Debra alikuwa amesimama ameshika koo kwa mikono yote miwili. Damu ilikuwa ikimtoka puani na mdomoni, nyeusi, nzito, ikimwagikia daftari lake la hesabu. Alijaribu kuniita. Povu jekundu tu lilitoka. Kwenye shingo yake, chini ya vidole, ngozi ilikuwa ikijifungua polepole, peke yake, hakuna kisu, hakuna mtu...

Nilimdaka kabla hajaanguka. Nikamlaza chini, nikamfunga shingo kwa kitambaa cha meza. Daftari lilikuwa limeanguka kando yetu, na kwenye jalada, kwa mwandiko wake mzuri, nikasoma:

Debra Nyaguthii Gichuru.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mwana wa pili wa dada yangu alichukua jina la baba yetu. Kwenye kitambulisho ni Jeremy Mbuthia. Hakuna anayewaita hivyo, majina hayo ni ya kwenye vyeti na madaftari tu. Lakini ndiyo majina yao. Cate humwita Jeremy "Baba". Mimi humwita binti yangu "Mami", kila siku ya Mungu, kwa sababu ndiye mama yangu aliyerudi. Na nilikuwa nimeketi hapo nikajisifu kwamba nimeandika wafu.

Kwetu jina halizikwi. Hilo nililijua tangu utotoni, na sikulikumbuka.

* * *

Nilibonyeza kila kitufe cha kutokea. Kioo kikajibu: ANAYETOKA ANAWAACHA WOTE. Nikavuta kile kisahani cha CD kwa kucha. Kilikuwa kitupu, na bado nilisikia kitu kikizunguka ndani. Nikainua laptop juu ya kichwa niipasue sakafuni, nikakumbuka: usiizime kwa nguvu. Nikairudisha taratibu kama yai.

Nikapiga ile nambari. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Uliandika nani?" alinong'ona.

"Baba na mama. Marehemu, vile ulisema!"

"Na ukizaa, ulimwita nani?"

"Jina ya mama yangu," nikasema.

"Wooi," akasema. "Nyinyi watu wa kurudisha majina. Ningekuuliza. Mungu wangu, ningekuuliza."

"Msichana wangu anakufa, madam! Nifanye nini?"

"Kila mtu amebaki na alama ngapi?"

Nilitazama. Mbuthia alikuwa na alama moja ya uhai. Nyaguthii, moja. Simba, mbili. Lile jitu, tano. Zamu ilikuwa yangu. Mandhari ilikuwa imetulia kabisa, na yale macho mawili yalikuwa yananitazama mimi, si kikosi. Yalikuwa na subira. Yangengoja hadi asubuhi. Debra hangengoja: damu ilikuwa imeshapita kitambaa, na midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

"Nikipiga zamu hii haifi," nikasema. "Itabaki na moja ama mbili. Halafu itapiga mmoja wao."

"Mgeni akiingia, anasimama mbele, na inapiga yeye," alisema. Sasa alikuwa analia. "Kuna nafasi ya nne. Bonyeza chini kabisa. Ukiweka mtu mpya, hiyo si zamu. Yeye ndio anapigwa kwanza, wengine wanaachwa. Mimi niliweka... niliweka bwanangu. Nilidhani atapigwa tu kidogo."

Nikabonyeza chini. Nafasi ya nne ikafunguka. Sikusita hata kidogo: nikaandika GICHURU. Nilitaka ichukue mimi, na nasema kweli.

ANAYECHEZA HACHEZWI.

Nikaandika tena. Jibu lilelile. Nikapiga kioo kwa ngumi, kikapasuka pembeni, na kidole changu kikachanika hadi mfupa. Maandishi hayakutikisika. Sakafuni, Debra alitoa sauti ndogo, ya maji kwenye bomba.

"Inakataa jina yangu," nikasema.

"Itakataa. Mwenye anacheza haiwezi mchukua."

Nilisikia mvua upande wake wa simu pia, na kiti kikisogezwa. Nilifikiria Obuya. Ana watoto wanne. Nilifikiria bosi wangu. Nilifikiria yule mlinzi wa benki ambaye sijui hata jina lake. Na wakati wote huo, mkono wangu wenye damu ulikuwa umelala juu ya ile bahasha, juu ya nambari ya simu.

Nilianza kuandika.

Alisikia vibonyezo. "Boss," akasema. "Unaandika nani?"

J. A. C.

"Boss. Mimi nilikuonya. Nilikuonya, si nilikuonya? Unaandika nani?"

K. L. Y.

"Tafadhali, baba. Tafadhali..."

Nikamaliza.

JACKLYNE AMESIMAMA MBELE.

Nikampa Simba zamu. Jitu likabaki na moja. Kisha yale macho yakaniacha, yakageuka.

ZAMU YAKE.

Kwenye simu, niliusikia mlango wa chuma wa duka lake ukijishusha wenyewe, hadi chini. Nilimsikia akisema, "Hapana, hapana, hapana," kwa haraka, kama mtu anayehesabu. Kisha pigo. Sijui nilinganishe na nini. Mfupa ukivunjika husikika vile unavyodhani. La pili lilimkatiza katikati ya mayowe. La tatu lilikuwa la majimaji. Baada ya hapo kitu kilikokotwa sakafuni, vioo vya kompyuta vikipasuka kimoja baada ya kingine, muda mrefu, na mtu bado alikuwa anapumua. Nilisikiliza hadi mwisho. Niliona sina haki ya kukata.

JACKLYNE AMEKUFA.

ZAMU YAKO.

Mbuthia akainua shoka kwa mkono mmoja, akalimaliza lile jitu. Nyuma yangu Debra akavuta pumzi, ndefu, akakohoa, akalia. Nilimkumbatia hapo sakafuni nikalia naye. Kioo kikaandika: UMESHINDA. KIKOSI KIMEHIFADHIWA. Kikazimika chenyewe.

* * *

Jeremy aliishi. Mkono wake haukupatikana mzima wa kushonwa. Debra alilazwa wiki mbili, na daktari akaandika kwamba alikatwa na kioo cha laptop, kwa sababu kilikuwa kimepasuka na hakukuwa na maelezo mengine. Lornah aliamini. Mimi sikumsahihisha.

Siku ya tatu nilienda River Road. Ghorofa ya tatu, chuma kilikuwa kimeshushwa na kufuli ya polisi imening'inia. Kijana wa kuuza chaja aliyekuwa ngazini aliniambia polepole, "Alipatikana ndani, na mlango ilikuwa imefungwa na ndani. Wanasema ni wezi. Wezi gani hao hawaibi?"

Nilimuua. Sitafuti neno lingine. Nilimchagua mtu aliyenionya, kwa sababu nambari yake ndiyo iliyokuwa mbele yangu, na kwa sababu nilimkasirikia. Nikiulizwa kama ningefanya tena, natazama binti yangu, na jibu ninalolipata linanitisha kuliko lile jitu.

Ofisini Obuya aliangalia kidole changu kilichofungwa bandeji, akahamisha kiti chake hadi meza ya dirishani.

Ile bahasha niliikuta chini ya kochi. Jina la mwisho, chini ya yale mengine, ni Jacklyne. Limepigwa mstari. Mwandiko ni wangu, ingawa sikuliandika. Sikuthubutu kuichoma, maana sijui kinachowapata walio ndani. Kikosi kimehifadhiwa, liliandika. Basi laptop na bahasha nimezifungia store, na ufunguo nauvaa shingoni.

Juzi jioni tulikuwa mezani, Debra na mimi. Lornah alikuwa kwaya. Debra siku hizi huongea kwa sauti ndogo, ya kukwaruza, na huvaa skafu kufunika kovu.

"Baba," akasema, "yule mama wa vidole viwili ni nani?"

Kijiko changu kilisimama. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kuhusu mkono ule.

"Mama gani, Mami?"

"Mwenye hukaa kwa mlango ya store. Hawezi ongea vizuri, mdomo yake imevunjika. Lakini leo nimemskia." Alichovya ugali kwenye mchuzi, akatafuna, akameza kwa shida. "Amesema nikuambie ulishapiga. Sasa ni zamu yake."

Nilimwambia amalize chakula chake. Alimaliza. Mimi bado nimekaa hapa mezani, na nimegeuza kiti ili mgongo wangu usiangalie store.